Napangisha flati ya chumba kimoja Ilazo ikiwa na vitu vyote ndani, sitaki dalali. Wenye uzoefu wa Dodoma njooni

Zabibu Kavu (mleta uzi)

Wakuu mbukwenyi. Nimepata uhamisho wa kikazi naelekea Kigoma, na nina flati yangu ya chumba kimoja, sebule, jiko na choo cha ndani, ghorofa ya pili huku Ilazo. Ina kila kitu, kitanda tano kwa sita na godoro lake, sofa, friji, jiko la gesi na mtungi wa kilo 15, TV, mashine ya kufulia, hita ya bafuni, mapazia, vyombo mpaka vijiko vya chai. Kuvisomba vyote mpaka Kigoma nauli yake tu inanunua friji jingine na nusu vitafika vimevunjika, kuviuza kwa bei ya kutupa roho inagoma, sasa nimeamua kupangisha na vitu vyake humo humo.

Dalali sitaki. Sina ugomvi nao, ila hesabu yao mnaijua, mpangaji anatoa kodi ya mwezi mmoja mzima kumpa dalali, bado hela ya kuoneshwa nyumba, halafu ndo aje kwangu na kodi ya miezi. Mtu anaingia ndani ameshakamuliwa na ana kinyongo na nyumba kabla hajawasha taa. Na dalali analipwa siku ya kukabidhi funguo, kama mtu huyo ni mstaarabu au ni wa kuchoma sofa na pasi halimhusu tena.

Flati za jengo letu zisizo na kitu ndani zinaenda laki tatu na nusu. Mimi nataka laki tano na nusu kwa mwezi. Naomba mnisaidie kwenye mambo ya dipoziti, funguo ya akiba, kodi za TRA na namna ya kumchuja mtu. Msimamo wangu mmoja tu nautoa mapema, kwenye nyumba yenye vitu karatasi ya orodha ya vitu ndo mkataba wenyewe, ile mingine ya kurasa nne tunayoprinti stationery ni ya kupamba. Anayebisha aje.

Mgogo Halisi

Laki tano na nusu chumba kimoja?? Mkuu hiyo hela Nkuhungu napata nyumba nzima na uwanja wa kufugia kuku na chenji inabaki ya nyama choma. Punguza mzee, hujajenga Masaki.

Zabibu Kavu

Nkuhungu utaingia na godoro lako begani mkuu wangu. Piga hesabu taratibu. Vitu vilivyomo ndani nikivinunua leo ni kama milioni 6. Tofauti ya kodi yangu na ya flati tupu ni laki mbili kwa mwezi, mwaka mzima ni milioni 2 na laki 4. Maana yake kwa miaka miwili na nusu, tena kama haijakaa tupu hata mwezi mmoja, ndo nimerudisha hela ya vitu, na kwa muda huo sofa limeshazama katikati na godoro limeshakuwa na umbo la mtu. Faida iko wapi hapo? Mimi naona hata nimejionea huruma kidogo sana.

Treni ya Jioni

Bei yako iko sawa ila inategemea unamtafuta nani. Familia usihangaike nayo, familia ina vitu vyake na chumba kimoja hakiwatoshi. Watu wako ni sisi. Toka treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 kuna kundi kubwa la watu familia zao ziko Dar, wake wanafanya kazi Dar, watoto wanasoma Dar, sisi kazi iko Mtumba, kule Mji wa Serikali. Ijumaa jioni mtu yuko kwenye behewa, Jumapili usiku au Jumatatu alfajiri anarudi. Mtu wa hivi hataki kununua friji la pili wala kitanda cha pili, anataka aingie na begi la nguo na leso. Jikoni anachemsha chai na mayai basi. Anatumia nyumba siku nne kwa wiki na analipa ya siku saba.

Ila jua kwamba Ilazo mpaka Mji wa Serikali ni mbali kidogo, mtu ambaye hana usafiri utampoteza kwa Ihumwa na Iyumbu. Kwenye tangazo andika kabisa gari la kwenda Mtumba linapatikana wapi na mtu anatembea dakika ngapi kufika barabarani. Hicho ndo kitu cha kwanza nilichouliza mimi, sebule niliangalia baadae.

Dalali wa Haki

Naona leo tumekuwa adui wa taifa. Nikuulize mleta uzi, ukiwa Kigoma nani atafungua mlango kwa watu kumi na tano wanaokuja kuangalia, ambao kumi wanakuja kushangaa tu? Nani atapokea simu saa tano usiku umeme wa LUKU umekataa kuingia? Mnatuona tunakula mwezi mmoja bure lakini bodaboda ya kwenda na kurudi, vocha, mteja anakwambia nipo njiani anazima simu, hayo hamyaoni.

Zabibu Kavu

Hapo umesema kweli na sikupingi. Nimeshaongea na dada mmoja anakaa ghorofa ya chini, ni mwalimu, jioni yupo. Yeye ndo atakuwa anafungua, na nitampa laki moja akipatikana mtu, na elfu thelathini kila mwezi kwa ajili ya kunipigia simu pakiwa na shida. Hiyo ni hela yangu mimi, mpangaji haguswi.

Kitasa

Laki moja na mwalimu. Dalali amezaliwa hapo 😂😂

Mama Wawili

Habari zenu. Mimi nina vijumba viwili vya aina hiyo Kisasa, vyumba vimoja vimoja vyenye vitu. Nimepangisha watumishi, watu wa miradi, na kijana mmoja aliyekuja na Bunge la bajeti akanogewa akakaa. Nakubaliana na mleta uzi kuhusu orodha lakini watu wengi orodha wanaiandika kivivu. Wanaandika "friji 1, sofa 1, sufuria". Friji gani? Lilikuwaje? Siku ya kutoka mtu anakuachia friji lina mlango umelegea anakwambia mama nililikuta hivi, na karatasi inasema friji 1, na friji 1 kweli lipo.

Mimi nafanya hivi. Siku ya kukabidhi nakwenda na mpangaji chumba kwa chumba, simu yangu inarekodi video na yake inarekodi, wote wawili tunaongea. Friji nafungua, navuta ule mpira wa mlango kwa kidole kuzunguka pande zote nne aone haujachanika, nafunga na karatasi katikati ya mlango na mpira, nikiivuta ikibana maana yake mpira uko hai. Godoro tunatoa shuka, tunaligeuza pande zote mbili, doa likiwepo tunalipiga picha na rula pembeni. Sofa tunanyanyua mito yote na kuangalia mbao za chini maana kule ndiko linapovunjikia. Jiko la gesi nawasha kila figa, namwambia tazama moto ni wa bluu, na mpira wa gesi una tarehe niliyonunua nimeandika kwa kalamu ya wino mzito. Vyombo tunahesabu kwa sauti. Kaunta ya jikoni nampitisha mkono juu yake yeye mwenyewe, kwa sababu alama za sufuria la moto ndo ugomvi mkubwa kuliko yote niliyowahi kuuona. Mwisho tunasoma mita ya LUKU na ya maji, picha.

Halafu hati ya makabidhiano tunaiandika mbele ya video hiyo hiyo, kila kitu na hali yake, na bei ya kununulia upya kwenye mstari wake. Bei ndo wengi wanaisahau. Bila bei mkifika siku ya kutoka mtaanza kubishana friji ni shilingi ngapi, na mtu akishakuwa amefunga mabegi hakuna bei mtakayokubaliana.

Inachukua muda mrefu na wapangaji wengine wanaona unawasumbua. Anayechoka kuhesabu vijiko na wewe ndo yule yule atakayevipoteza.

Fundi Bomba Dom

Mama umeongea vizuri ila umesahau bafuni, na Dodoma bafuni ndo kila kitu. Maji yetu mengi yana chumvi nyie mnajua, yanayotoka visimani. Ile hita ya bafuni inayokaa juu ya kichwa, ukifungua ndani baada ya miezi kadhaa unakuta waya wa kuchemshia umevaa koti jeupe gumu kama chokaa, unapata joto sana mpaka unakatika. Matundu ya bomba la mvua nayo yanaziba moja moja mpaka maji yanaruka pembeni yanapiga ukutani. Nimeitwa nyumba nyingi mwenye nyumba anataka mpangaji alipe hita mpya, mpangaji anasema sijaigusa, na kweli hajaigusa, imekufa kwa chumvi.

Weka kwenye mkataba kabisa, hita ikifa kwa chumvi ni ya mwenye nyumba, ikifa kwa kuwashwa bila maji ni ya mpangaji. Fundi akiifungua anajua ni ipi. Na kila baada ya muda kichwa cha bomba kivuliwe kilazwe kwenye siki usiku kucha, asubuhi unasugua na mswaki wa zamani, ni kazi ya dakika tano.

Na tanki. DUWASA, watu wa maji hapa Dodoma, wana ratiba za mgao kwa maeneo, siku maji hayatoki mpangaji aliyelipa laki tano na nusu hataki kusikia habari ya ndoo. Kama jengo lina tanki la pamoja sema lina ujazo gani na flati ngapi zinalitegemea.

Dada Mhasibu

Naomba niseme kwa upande wa wapangaji maana naona wenye nyumba mmejaa.

Kwanza dipoziti. Niliwahi kukaa apatimenti yenye vitu hapa hapa mjini, nikatoa dipoziti ya mwezi mmoja, siku natoka naambiwa hela yote imeenda kwenye rangi ya ukuta. Rangi! Mtu ukikaa ndani mwaka na upepo wa Dodoma kuanzia mwezi wa sita unaingiza vumbi kila tundu ukuta utabaki mweupe vipi? Kwa hiyo mkiona mpangaji anasita kutoa dipoziti msimuone mkorofi, amekwishaumwa na nyoka. Mleta uzi andika kwenye mkataba nini kinakatwa, nini hakikatwi, na hela inarudi ndani ya siku ngapi baada ya makabidhiano. Kuchakaa kwa kawaida, yaani rangi kufifia, pazia kupauka na jua, mto wa sofa kulegea, huko kote usiguse dipoziti yangu, ndo maana nakulipa hiyo laki mbili ya juu.

Pili funguo. Mimi ni mwanamke naishi mwenyewe. Siwezi kulala nyumba ambayo baba mwenye nyumba ana funguo, na jirani ana funguo, na dalali alibaki na kopi, na mpangaji aliyepita hatujui. Siku naingia nataka kuona kitasa kinabadilishwa mbele yangu, ile silinda yake tu haifiki bei ya kunishtua. Funguo ya akiba kama ni lazima iwepo, iwekwe kwenye bahasha, tuisaini wote juu ya gundi, akae nayo mtu tuliyekubaliana. Siku nikikuta bahasha imefunguliwa na hakukuwa na moto wala bomba lililopasuka nahama na kodi yangu inarudi.

Zabibu Kavu

Dada hilo la bahasha nimelichukua kama lilivyo. Silinda nitabadilisha. Na hela ya dipoziti sitaigusa, itakaa kwenye akaunti pembeni, maana najijua nikiiweka pamoja na mshahara itageuka saruji.

Mnyalukolo

Mimi ningekuwa wewe nisingepangisha kwa mwezi kabisa. Dodoma kipindi cha Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, wageni wanajaa mpaka gesti za pembeni. Pangisha kwa usiku, elfu sabini, themanini. Siku kumi tu umeshapita hiyo laki tano na nusu yako.

Mama Wawili

Hesabu tamu hiyo kaka ya mdomoni. Bunge la bajeti likiisha Juni wewe Julai unampangisha nani? Vikao vingine ni vya wiki mbili tatu. Na kulaza watu kwa usiku ni biashara ya nyumba ya wageni, ina leseni yake na ushuru wake halmashauri, ina mtu wa kufua mashuka kila siku, ina kitabu cha wageni, na majirani wa ghorofa watakuitia kikao kwa sababu kila usiku sura mpya kwenye ngazi. Mleta uzi atakuwa Kigoma. Atafua mashuka kwa simu?

Kitasa

Na ikipangishwa kwa usiku tunajua itatumika na nani mchana 😂 wake zenu wako Dar.

Treni ya Jioni

Kitasa acha uchochezi.

Wakili wa Kijiweni

Nimepita kuweka sawa mambo ya sheria kidogo maana kila mtu anasema lake.

Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilishafutwa 2005, kwa hiyo bei na miezi ya kulipa mbele ni makubaliano yenu. Upangaji sasa hivi unaangaliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Mtu asikudanganye kwamba akichelewesha kodi unabadilisha kitasa na kumtolea vitu nje, ni lazima notisi itangulie na utaratibu ufuatwe, na kwa nyumba yenye vitu ni hatari zaidi kwako kwa sababu vitu vyake na vyako vimechanganyika ndani, akisema laptop yake imepotea siku ulipofungua utajibu nini? Mgogoro wa upangaji unaanzia baraza la kata, ila toka 2021 baraza la kata ni la kusuluhisha tu, likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mkataba ugongwe muhuri wa ushuru wa stempu TRA, ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa kodi ya laki tano na nusu ni elfu 66. Watu wanaona ni kupoteza hela, lakini mkataba usio na stempu ukiupeleka kama ushahidi unakataliwa mpaka ulipie na faini juu. Hiyo orodha yako ya vitu unayoisifia iambatanishwe kama sehemu ya mkataba huo na uandikwe hivyo, la sivyo inabaki karatasi ya sokoni.

Hela ya pango ni mapato yako na inalipiwa kodi TRA. Ukimpangisha taasisi au kampuni, watakata asilimia 10 kama kodi ya zuio wanapeleka TRA, dai cheti chake kila wanapokulipa. Wengi wanapanga bei na shirika halafu wanashangaa hela imeingia pungufu.

Mgogo Halisi

Kumbe ndo maana wenye nyumba wengi wanapenda "mkataba wa maneno".

Wakili wa Kijiweni

Ndio, na ndo hao hao wanaolia barazani.

Dada Mhasibu

Kodi ya majengo nayo isemwe. Inakatwa humo humo kwenye LUKU kila mwezi, mpangaji ananunua umeme anaona hela imepungua. Kisheria ni ya mwenye jengo. Mleta uzi ama umrudishie kwenye kodi ama useme wazi imeshahesabiwa.

Fundi Bomba Dom

Na umeme wenyewe, uangalie mita yako iko kundi gani. Kama iko ile ya matumizi madogo, D1, uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi mpaka ufike uniti 75 kwa mwezi, zinazozidi hapo zinaruka mpaka 350, nazo kabla ya kodi. Mpangaji mwenye hita, friji, pasi na mashine ya kufulia 75 anazipita bila kuhangaika. Halafu TANESCO wakiona unazidi mara kwa mara wanakuhamishia T1, huko kila uniti na kodi zake inagonga kama 356. Usije ukamwambia mteja "hapa umeme elfu kumi mwezi unaisha" kwa sababu wewe ulikuwa unaoga maji ya baridi.

Zabibu Kavu

Nimecheka ila ni kweli nilitaka kuandika hivyo hivyo. Mita ni T1. Tangazo langu hili hapa, nikosoeni kabla sijaliweka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp:

"Flati ya chumba kimoja, sebule, jiko, choo na bafu ndani, ghorofa ya pili, Ilazo Dodoma. Ina vitu vyote, orodha kamili na video utatumiwa. Barabara ya lami dakika sita kwa miguu. Maji ya DUWASA, tanki la jengo lipo. LUKU yako mwenyewe, mita T1. Kodi 550,000, inalipwa miezi mitatu mitatu, na dipoziti ya mwezi mmoja inayorudi. Mtu mmoja au wanandoa. Hakuna dalali, hakuna hela ya kuona nyumba. Usitume hela yoyote kabla hujaingia ndani."

Dalali wa Haki

Tangazo zuri, nisiwe mchoyo. Ila picha. Ukiweka picha safi kesho asubuhi kuna mtu ameshaziiba ameziweka kwenye ukurasa wake, flati ile ile laki mbili na nusu, "lipia elfu hamsini ya kushikilia nafasi". Watu watatuma, watakuja mpaka getini kwako na risiti za muamala mkononi wanakulilia wewe. Andika namba yako ya simu katikati ya picha, juu ya sofa kabisa, sio pembeni kwenye kona ambako mtu anakata. Picha ya geti na ya mandhari ya dirishani usiweke. Na sisi madalali wa kweli ndo tunaochafuliwa jina na hao watoto.

Mama Wawili

Naongeza tena, usiweke picha yenye TV na mashine ya kufulia zikionekana na geti kwa pamoja. Umewatangazia na wezi. Video mtumie mtu ambaye ameshajitambulisha.

Kumchuja mtu mimi naomba nakala ya NIDA, kitambulisho cha kazi, na namba ya mtu wa ofisini kwake ambayo naipiga kweli. Halafu naenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa ajiandikishe kwenye daftari la wakazi. Mwenye nia mbaya pale kwa mwenyekiti hafiki, atakwambia ana dharura. Swali langu jingine ni dogo tu, namuuliza kwa nini anahama anakokaa sasa. Halafu nanyamaza. Wanaongea wenyewe.

Mgogo Halisi

Je akija mtoto wa mjomba anasema kaka nipe mimi nikae nitakulindia nyumba?

Mama Wawili

Mpe nauli arudi kwa mjomba. Ndugu hasaini orodha, na ukimuuliza sufuria kubwa iko wapi unaitwa kwenye kikao cha ukoo.

Mnyalukolo

Wanafunzi wa UDOM je? Wapo wenye hela siku hizi.

Zabibu Kavu

Wanafunzi hapana mkuu, kwa nia njema kabisa. Anasaini mmoja wanalala wanne, na hilo godoro nililitolea jasho.

Nilichokuwa bado sijakata shauri ni miezi. Watu wengi wananishauri nichukue miezi sita au mwaka mbele kwa sababu naenda mbali. Mimi naona kinyume. Ukishachukua hela ya mwaka kwa mtu anayeharibu huna namna, umeshaijengea msingi wa nyumba huko kwenu, utamtoa vipi? Miezi mitatu inanipa nafasi ya yule dada mwalimu kwenda kila robo kupitia orodha na mpangaji akiwepo, dakika ishirini, kilichovunjika kinalipwa hapo hapo kingali cha elfu kumi. Na mtumishi naye anaweza kuhamishwa kama mimi nilivyohamishwa, kwa hiyo notisi ya mwezi mmoja pande zote mbili.

Wakili wa Kijiweni

Ukaguzi huo uwe wa taarifa, siku tatu kabla kwa maandishi, hata meseji. Andika hivyo.

Dada Mhasibu

Na intaneti na kisimbuzi cha TV vipo kwa jina la nani? Mimi niliwahi kurithi deni la mpangaji aliyepita.

Zabibu Kavu

Kisimbuzi ni changu, chenyewe na rimoti vipo kwenye orodha, kifurushi analipa yeye akitaka kuangalia mpira. Intaneti namfungia line, atasajili kwa jina lake.

Zabibu Kavu

Mrejesho kidogo kwa wanaofuatilia. Waliopiga simu walikuwa wengi, zaidi ya nusu walikuwa madalali wanaojifanya wateja, unamsikia tu "hiyo nyumba yetu ina paking ngapi". Waliokuja kuona ni wachache, mmoja alitaka nitoe kitanda aweke chake na kodi nipunguze, mwingine alipoona karatasi ya orodha akasema kwani mimi mwizi, akaondoka. Amepatikana mtu wa aina ile aliyoisema Treni ya Jioni, mtumishi, familia iko Morogoro. Tulipohesabu vyombo yeye ndo akanigundulia glasi mbili zina ufa nilikuwa nimeziandika nzima. Tumeelewana laki tano na ishirini, akaomba nimuongezee meza ya kufanyia kazi, nimechongesha kwa seremala Chang'ombe na nimeiandika kwenye orodha na bei yake. Kitasa kimebadilishwa, bahasha iko kwa mwalimu, stempu imelipwa.

Mgogo Halisi

Laki tano na ishirini wamekulipa kweli? Basi Nkuhungu napandisha.

Pembe la Swaswa

Wakuu nimechelewa uzi, bado ipo? Naanza kazi mwezi ujao, niko peke yangu.

Zabibu Kavu

Imeenda mkuu. Muulize Mama Wawili hapo juu, alinidokeza pembeni kimoja cha Kisasa kinaachwa mwisho wa mwezi.

Mama Wawili

Kipo, laki nne na themanini, ila hakina mashine ya kufulia na tanki ni la lita elfu moja kwa nyumba mbili. Njoo Jumamosi asubuhi, uje na NIDA na uwe na muda wa kuhesabu.